Fahamu: Ndege za jeshi zikistaafishwa, wanaozirusha huenda wapi?

Oktoba 2010 serikali ya Uingereza ilitangaza kupunguza nafasi 5,000 katika Jeshi lake la Anga. Ndege za kivita za Harrier zilifanya safari ya mwisho Desemba, na mradi wa Nimrod MRA4, ndege ya kusaka nyambizi, ukafutwa kabla haijaanza kazi. Mwaka uliofuata panga lilifika hadi kwa marubani waliokuwa bado mafunzoni.

Nani hupata kazi upesi?

Rubani wa ndege za usafirishaji ana nafuu, maana kazi yake inakaribiana na ya mashirika ya abiria. Hata hivyo, saa zake za jeshini si leseni: sharti apate leseni ya kiraia, kisha afunzwe aina ya ndege atakayoirusha. Vyeo havihamishiki, aliyekuwa nahodha huweza kuanza upya kama rubani msaidizi.

Na wasio marubani?

Hapa ndipo penye ugumu. Uraiani hakuna ndege ya abiria inayohitaji mtu wa kusikiliza sauti za nyambizi. Waendesha winchi wa helikopta walipata mlango mwaka 2015, kampuni ya Bristow ilipochukua kazi ya uokoaji iliyokuwa ya jeshi na kuajiri wengi wao.

Wahudumu wachache wa Nimrod za awali walipelekwa Australia, Kanada, New Zealand na Marekani ili ujuzi usipotee. Uingereza iliwahitaji tena: mwaka 2015 iliamua kununua ndege 9 za kusaka nyambizi aina ya Poseidon, na ya kwanza ikatua Scotland Februari 2020.