Mtoto wa Timbwani Asiwe Mgeni Pwani Kwao

Jioni moja ya likizo ya Agosti nilikuwa nimesimama kando ya barabara hapa Timbwani, mgeni mmoja kutoka Ulaya alipomwuliza mwanafunzi wa shule ya upili kuna mambo gani ya kutazama katika sehemu hizi. Kijana yule, aliyezaliwa na kulelewa papa hapa, alifikiri kidogo kisha akajibu, "Hapa hakuna kitu." Mgeni alishukuru, akashika njia ya baharini. Mimi niliyefundisha kwa miaka mingi nilibaki nimeinamisha kichwa. Jibu lile halikuwa la kijana peke yake. Lilikuwa letu sisi walimu wake.

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Mgeni husafiri maelfu ya kilomita na kutumia fedha nyingi ili aone kile ambacho mtoto wetu hukipa kisogo kila asubuhi. Wala tusidhani kwamba Wazungu walizaliwa na desturi hii. Huko Ufaransa, kabla ya mwaka 1936, likizo ya ufuoni ilikuwa aghalabu anasa ya wenye nacho. Mwaka huo serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria iliyompa mfanyakazi majuma mawili ya mapumziko yenye malipo, na nauli za gari moshi zikapunguzwa. Wengi wakaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Wao walihitaji sheria na gari moshi. Mtoto wa Timbwani anahitaji miguu yake tu, pamoja na mtu mzima wa kumwongoza.

Je, aone nini? Aanze na bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hupwa mbali katika ufuo wa Shelly na kuacha madimbwi miambani. Humo atamkuta kaa, jongoo bahari, na akibahatika, pweza aliyejibanza pangoni. Hapo mwalimu wa biolojia ana maabara isiyo na ada, na mwalimu wa jiografia anaweza kueleza jinsi mwezi na jua zinavyoyavuta maji. Wavae viatu, wasing'oe matumbawe, na warudi nchi kavu kabla maji hayajaanza kujaa.

Kisha wavuke feri, ambayo mwenda kwa miguu haitozi hata senti. Ng'ambo ya pili, katika bustani ya Mama Ngina, wakae chini ya mibuyu mikongwe watazame meli zikiingia Kilindini. Kutoka hapo waende Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Ngome hiyo ilizingirwa na Waomani tangu 1696 hadi ilipotekwa 1698. Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Humo ndani mna vitu vilivyoopolewa katika jahazi la Kireno, Santo António de Tanná, lililozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mwanafunzi aliyegusa kuta zile kwa mkono wake hatahitaji kuikariri miaka hiyo.

Lakini kuna vizuizi viwili ambavyo sina budi kuvitaja. Cha kwanza ni njia. Kichochoro tulichokuwa tukishukia baharini utotoni mwetu leo kimezibwa kwa ukuta, na anayeshuka kwa urahisi ni yule aliyelipia chumba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Hawakusema mwenyeji afungiwe nje.

Cha pili ni hofu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakaangamia. Sisemi kwamba kujua kuogelea kungaliwaokoa wote. Nasema kwamba tangu siku ile nimewasikia wazazi wengi wakiwakataza watoto wao bahari, badala ya kuwafundisha. Mtoto anayeishi baina ya bahari na kivuko hakingwi na hofu. Hukingwa na elimu: ajue maji yanapojaa, ajue kuogelea chini ya jicho la mwalimu, na ajue kwamba mkondo wa feri si mahali pa kuchezea.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, kabla hujachangisha fedha za basi la kwenda mbali, peleka darasa lako ufuoni asubuhi moja maji yakiwa yamepwa. Mkikuta njia imezibwa, andikeni barua kwa wahusika, na iandikwe na wanafunzi wenyewe. Hilo nalo ni somo la uraia. Nawe mwanafunzi, mgeni akikuuliza tena kuna nini hapa, usimjibu kwa maneno. Mwambie, "Nifuate."