Mafuta ya Maziwa Hutegemea Lishe na Ukamuaji, Wafugaji Wakumbushwa

Kiwango cha ubora cha Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi ya ng'ombe kinataka mafuta yasipungue asilimia 3.25. Maziwa yaliyo chini ya hapo yanaweza kukataliwa kituoni hata kama hayakuongezwa tone la maji. Kwa sababu hiyo, mfugaji anapaswa kufahamu mafuta hayo hutoka wapi na kwa nini hupanda au kushuka.

Jambo la kwanza ni aina ya ng'ombe. Friesian hutoa maziwa mengi yenye mafuta ya takribani asilimia 3.5 hadi 4, ilhali Jersey hutoa machache zaidi yenye mafuta yanayokaribia asilimia 5. Zebu wa asili naye hutoa maziwa machache lakini mazito. Hata hivyo, mbegu bora pekee haitoshi, kwani lishe na utunzaji ndivyo vinavyoamua kama ng'ombe atafikia uwezo wake.

Katika tumbo kubwa la ng'ombe, bakteria huchachusha nyuzinyuzi za majani na kuzalisha asidi ya asetiki, ambayo kiwele huitumia kutengeneza sehemu kubwa ya mafuta. Ng'ombe anapolishwa pumba na nafaka nyingi huku majani yakiwa machache, hucheua kidogo, mate hupungua na tumbo huzidi tindikali. Lita zinaweza kuongezeka, lakini mafuta hushuka. Matokeo hayo hutokea pia majani yanapokatwakatwa kuwa laini kupita kiasi, au ng'ombe anapopewa mashudu yaliyobakiwa na mafuta mengi.

Lishe hubadilisha pia aina ya mafuta yenyewe. Takribani theluthi mbili ya mafuta ya maziwa ni yale magumu yanayoganda kwa urahisi, kwa kuwa bakteria wa tumboni huyageuza mafuta laini ya majani kabla hayajafika kwenye kiwele. Ng'ombe anayekula majani mabichi kwa wingi hutoa maziwa yenye mafuta laini zaidi, yakiwemo ya omega-3, pamoja na karotini inayoyapa rangi ya njano. Ndiyo maana siagi inayotokana na malisho ya masika huwa ya njano na laini kuliko ya kiangazi, ng'ombe wanapokula mabua na nyasi kavu.

Ukamuaji nao una nafasi yake. Maziwa yanayotangulia kutoka kwenye chuchu huwa mepesi, na yale ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi zaidi. Mfugaji asiyekamua hadi mwisho, au anayemwachia ndama maziwa ya mwisho ya chuchu zote, hupeleka sokoni sehemu iliyo hafifu. Ni vyema ndama atengewe chuchu moja, na zilizobaki zikamuliwe hadi ziishe. Aidha, muda kati ya mkamuo mmoja na mwingine ukiwa mrefu, kama ilivyo kwa maziwa ya asubuhi, maziwa huwa mengi lakini asilimia ya mafuta hupungua. Ugonjwa wa kiwele pia hushusha ubora.

Wafugaji wanapaswa kuelewa vilevile kwamba laktomita haipimi mafuta. Kifaa hicho hupima uzito wa maziwa kwa ujazo wake. Maji hushusha kipimo, na kuengua malai hukipandisha, hivyo anayefanya yote mawili anaweza kukihadaa. Mafuta hupimwa kwa njia ya Gerber, ambayo huyatenganisha na maziwa kwa asidi na mashine ya kuzungusha, na udanganyifu huo hubainika.

Kwa Tanzania, tasnia hii husimamiwa na Bodi ya Maziwa iliyoanzishwa kwa Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004. Kwa mfugaji, hatua za kuanzia ziko ndani ya uwezo wake: majani yawe msingi wa mlo, chakula cha ziada kitolewe kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, hei au sileji iandaliwe wakati wa mvua kwa ajili ya kiangazi, na kiwele kikamuliwe hadi mwisho. Mafuta yakiendelea kuwa chini baada ya hapo, amwone ofisa ugani wa mifugo wa eneo lake mapema, kabla maziwa hayajaanza kurudishwa kutoka kituoni.