Wageni Wanaojitolea na Ardhi ya Familia Masisi na Walikale

Kupokea wageni wanaojitolea shambani ni mapatano mepesi: mgeni anafanya kazi saa chache kwa siku, mwenyeji anampa chakula, malazi na mafunzo. Mtandao wa WWOOF ulianza hivyo Uingereza mwaka 1971.

Mkoa wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nao una mengi ya kumfundisha mgeni wa aina hiyo. Katika milima ya Masisi, ng'ombe hula majani ya malisho mabichi, na maziwa yao hutengenezwa kuwa jibini linalouzwa hadi Goma. Miteremko inahitaji matuta, samadi na miti ili mvua isichukue udongo.

Walikale ni eneo la msitu mnene, makao ya gorila wa Grauer, anayepatikana mashariki mwa Kongo pekee. Huko Nkuba, familia zenye haki za kimila juu ya msitu zinashirikiana na Mfuko wa Gorila wa Dian Fossey, na wenyeji wameajiriwa kuwafuatilia na kuwalinda wanyama hao. Kisheria, amri ya serikali ya Kongo ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake, hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda.

Kinachokosekana ni usalama. Mwanzoni mwa 2025, vita vya kundi la waasi la M23 vilifika miji ya Masisi na Walikale, na watu wengi wakakimbia. Amani ikirudi, wageni watakuja. Kwa sasa, wanaostahili kusaidiwa kwanza ni wenyeji wanaoilinda ardhi hiyo.