Makohozi hayakuonyesha TB: je, mtoto yuko salama?

Mama au mlezi, mtoto amekohoa zaidi ya wiki mbili. Makohozi yamepimwa kwa hadubini na umeambiwa vimelea vya TB havikuonekana. Kabla hujatulia, fahamu kipimo hicho kinavyofanya kazi.

Rangi inayowaka

Mtaalamu wa maabara hupaka makohozi kwenye kioo, huyakausha, kisha huyamwagia rangi ya njano iitwayo auramini. Kimelea cha TB kina ukuta wenye mafuta mazito kama nta. Rangi hunasa hapo na haitoki hata ikisuuzwa kwa asidi. Chini ya taa ya buluu ya hadubini, vimelea hung'aa kwenye giza kama vimulimuli. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza hadubini hizi za taa ya LED, kwa sababu huonyesha vimelea haraka na vizuri zaidi.

Isichoweza kuonyesha

Rangi huonyesha kilichomo kwenye kioo tu. Kwa kawaida hadubini huhitaji vimelea kama 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Mtoto mdogo huwa na vimelea vichache, na mara nyingi humeza makohozi. Hivyo "havikuonekana" si sawa na "hana TB".

Pia auramini hung'arisha vimelea hai na vilivyokufa vilevile. Anayetumia dawa akionekana bado ana vimelea, asiache wala kubadili dawa. Daktari ataagiza kipimo kingine.

Ufanye nini?

Rudi kituoni ikiwa mtoto:
- bado anakohoa au ana homa isiyoisha;
- haongezeki uzito, au anapungua (nenda na kadi ya kliniki);
- amelegea, hachezi kama zamani;
- anaishi na mtu mwenye TB au anayekohoa muda mrefu.

Hapa Tunduma wageni, madereva na ndugu hupita mpakani kila siku. Mtaje kila aliyelala nyumbani kwako akikohoa.

Uliza kuhusu kipimo cha GeneXpert, ambacho hutambua vimelea vichache zaidi na kwa mtoto kinaweza kutumia kinyesi. Daktari anaweza pia kuagiza picha ya kifua, na kuanzisha dawa kwa kuzingatia dalili na maelezo yako.

Vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali. Usisubiri mtoto azidiwe.