Mwekundu wa Masika, Buluu wa Kiangazi

Saa moja na nusu asubuhi, mwishoni mwa Aprili, Sumbawanga bado ni mji wa masweta. Tuko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na umande wa Ufipa haukauki mapema. Kwa mpiga picha wa vipepeo, hiyo ndiyo saa yenyewe. Misuli ya kurukia ya kipepeo haifanyi kazi mpaka ipate moto, na moto wenyewe anaukopa kwa jua. Utamkuta juu ya ua la zinia au jani la boga, kafunua mabawa kuelekea mashariki kama mzee anayeota jua barazani. Msogelee taratibu, umeinama, kivuli chako kisimguse, atakuvumilia hata simu ifike shubiri moja kutoka kwake. Ikigonga saa nne mtabaki kukimbizana kwenye mahindi, na majirani wataanza kuulizana kama uko sawa.

Simu yangu ina picha mbili zilizopigwa kwenye ua uleule wa bustani. Ya kwanza ni ya Februari, mvua zikiwa zimepamba moto: kipepeo mwekundu wa kuelekea rangi ya chungwa, mwenye madoa meusi na pindo jeusi. Ya pili ni ya Juni: kipepeo wa buluu iliyokolea, na mstari wa vitone vyekundu umekatiza mabawa yote. Ungeniuliza wakati ule, ningekuapia kwamba ni wawili tofauti, tena wasiojuana.

Wataalamu nao waliteleza hapohapo. Huyu ni kipepeo mmoja, Precis octavia, lakini wa buluu alipewa jina lake mwenyewe, sesamus, kana kwamba ni spishi nyingine. Ilibidi mtu afuge. Mwaka 1898 Guy Marshall, aliyekuwa akiishi Salisbury, yaani Harare ya leo, alilea mayai ya mama mwekundu hadi akapata mtoto wa buluu.

Siri iko kwenye joto analokulia kiwavi. Jambo hili limechunguzwa kwa undani zaidi kwa ndugu yake mnyonge wa sura, Bicyclus anynana, kipepeo wa kahawia anayeruka chinichini kwenye nyasi na ambaye wengi hatujishughulishi kumpiga picha. Mwaka 1988 majike wa aina hii walichukuliwa Nkhata Bay, upande wa Malawi wa Ziwa Nyasa, wakapelekwa hadi Leiden, Uholanzi, na vizazi vyao vimekuwa wakazi wa maabara tangu hapo. Wakilelewa kwenye nyuzijoto 27, hutoka na macho makubwa ya bandia pembezoni mwa mabawa. Wakilelewa kwenye baridi, nyuzi 20 kushuka, macho hayo karibu yanatoweka. Anayepeleka taarifa ni homoni: joto hubadilisha wakati inapopanda mwilini mwa pupa, na bawa linachorwa kulingana na saa hiyo.

Faida yake? Wakati wa mvua nyasi ni mbichi na kipepeo anahangaika huku na huko; ndege akimwona, heri adonoe jicho la bandia kwenye pindo la bawa kuliko kichwa. Kiangazi kila kitu kimekauka, kazi kubwa ni kutulia na kufanana na jani lililokufa, na jicho kubwa linaloita macho ya wengine ni balaa tupu. Octavia naye ndivyo. Yule wa buluu akifunga mabawa, upande wa chini ni jani kavu kabisa, na hupenda kujibanza kwenye mawe na chini ya kingo za udongo.

Ndiyo maana naupenda mwisho wa masika kuliko majira mengine yote. Mvua zinaaga, baridi inaanza kuuma usiku, na waliokulia kwenye joto wanakutana bustanini na waliokulia kwenye baridi. Mara mojamoja utamwona wa katikati, mwekundu aliyeanza kuingiwa na buluu. Picha ya huyo isiyo na tarehe ni pambo tu la ukutani. Hakikisha simu inasoma siku sahihi, piga mabawa juu na chini, kisha ukipenda uipandishe kwenye iNaturalist, ambako wengine watakusaidia kumtambua.

Tena kuna udanganyifu wa upande wa pili: wawili wanaojifanya mmoja. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, anayeruka polepole bila wasiwasi wowote, huenda ni Danaus chrysippus, aliyekula sumu ya mimea ya utomvu tangu akiwa kiwavi. Huenda pia ni jike wa Hypolimnas misippus, asiye na sumu yoyote, aliyevaa sare ya mwenzake ili ndege wamwogope. Kuza picha, utazame bawa la nyuma. Mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati. Mwigaji ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele.

Viwavi nawapiga pia, ingawa hawana mashabiki. Mama jirani alinikuta nimechuchumaa chini ya mlimao wake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hao unaowapiga picha ndio wanaonimalizia limao.”

Ni kweli, walikuwa viwavi wa Papilio demodocus. Wadogo hufanana na kinyesi cha ndege, wakubwa huwa kijani, na ukiwagusa huchomoa kisogoni pembe mbili laini zenye harufu kali. Nikamwomba aniachie watatu kwenye tawi moja. Akacheka, akakubali.

Baada ya wiki tukaenda kuwatazama. Wawili walikuwa wamegeuka pupa wa kijani kati ya majani. Wa tatu mama alimtafuta tawi zima, akasema bila shaka kuku wamemla. Alikuwa kwenye mti mkavu wa uzio, nusu meta kutoka mkono wake, rangi ya kahawia kama gome lenyewe.