Kinda Aliyeanguka Uani Si Yatima

Katika miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, jua la Nchelenge huwa kali hata kando ya Ziwa Mweru. Mabati hupata moto, na ndege waliojenga chini ya mapaa hutaabika. Makinda husogea ukingoni mwa kiota kutafuta hewa, kisha huanguka uani. Hapo askari arudipo kutoka lindoni humwona kinda, humhurumia na kumchukua ndani. Huruma hiyo ni njema, lakini mara nyingi ndiyo imwuayo.

Kwanza hapana budi kumchunguza. Akiwa ameota manyoya na anarukaruka, huyo hakupotea. Ni kuruta aliye mafunzoni. Ndege wengi hutoka kiotani kabla hawajajua kuruka vema, na wazazi huendelea kuwalisha kwa siku kadhaa. Mwache. Ikiwa yuko juani au paka yu karibu, msogeze hatua chache hadi kichakani penye kivuli, kisha ondoka, funga mbwa na uwaite watoto ndani. Mama yake hatashuka maadamu umesimama pale.

Asiye na manyoya ndiye wa kurudishwa kiotani. Wako wasemao kwamba kinda akiguswa na mtu hukataliwa na mamaye. Si kweli, kwa kawaida ndege hawamkatai mtoto kwa sababu ya harufu ya mkono. Kiota kikiwa kimevunjika, kikapu kidogo chenye majani makavu, kilichofungwa kivulini karibu na mahali pa kwanza, chatosha.

Ndege hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Umwonapo hivyo, mpe kivuli na utulivu. Usimtie maji mdomoni, kwani tundu la pumzi liko nyuma ya ulimi, na maji huweza kuingia mapafuni. Wala usimlishe nshima au mkate: hata shomoro, mla nafaka, huwalisha makinda wake wadudu. Ndege wakubwa uwawekee uani beseni la maji machache, lenye jiwe la kukanyagia.

Baada ya kumshika ndege, nawa mikono kwa sabuni. Ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja, usiwaguse. Mwarifu ofisa wa mifugo.

Ndugu askari, kulinda si kukamata tu. Mlinzi hodari hujua pia wakati wa kusimama kando, ili mzazi atimize wajibu wake.