Sukari ya 2.5 Ikivuka Mpaka

Tumchukue mama wa Gatete, pale Rumonge, Burundi, anayeishi na kisukari. Asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, anapimwa damu na kituo kinaandika: sukari 2.5. Siku chache baadaye yuko Kigoma, Tanzania, kwa dada yake, anaugua, anakimbizwa hospitali. Mganga anaona 2.5 kwenye rekodi na kushtuka: sukari imeshuka mno, apewe glukosi!

Kumbe sukari ya mama ilikuwa juu. Tiba iliyofundishwa kwa Kifaransa mara nyingi huandika sukari kwa gramu kwa lita. Tanzania huandika kwa milimoli kwa lita, na kwa hesabu hiyo 2.5 ya Gatete ni karibu 13.9. Kabla ya kula, kisukari huanzia 1.26 kwa gramu, yaani 7 kwa milimoli. Namba imevuka mpaka, maana yake imebaki Rumonge.

Mganga makini atampima upya. Kompyuta haina shaka kama yake: itazipanga 2.5 na 13.9 kana kwamba ni vipimo viwili tofauti.

Dawa yake ni kukipa kila kipimo namba ya utambulisho. Mwaka 1994 Taasisi ya Regenstrief, Indiana, Marekani, ilianzisha orodha ya LOINC. Humo, sukari ya plazma inayopimwa kwa uzito ni 2345-7, na kwa moli ni 14749-6. Magonjwa nayo yana orodha ya Shirika la Afya Duniani, ICD. Katika toleo lake la kumi kipindupindu, ambacho mwambao wa Ziwa Tanganyika unakijua vyema, ni A00, mganga awe anaandika Kifaransa au Kiingereza. Kisha FHIR, kanuni ya kupashana taarifa za afya kati ya kompyuta, husafirisha utambulisho, namba na kizio vikiwa pamoja.

Afrika Mashariki si mgeni katika kazi hii. Programu ya OpenMRS, iliyoanza 2004, ilizaliwa na ushirikiano wa Regenstrief na madaktari wa Eldoret, Kenya. Ndani ya kamusi yake, dhana moja hubeba majina ya lugha nyingi.

Burundi na Tanzania ziko pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na wagonjwa huvuka kila siku. Rekodi zao zinastahili kueleweka popote wafikapo. Wewe nawe, ukipimwa leo, mwombe muuguzi asiandike 2.5 tupu. Aandike 2.5 g/l.